Jinsi ya Kuwa Mpiga Kura Msumbufu: Mwongozo kwa Watu wa Mbeya na Iringa

Mpiga kura mtulivu ni kipenzi cha kila mwanasiasa. Anapokea fulana, anapiga vigelegele, anapanga foleni, anarudi shambani, na kwa miaka mitano hasikiki tena. Mwongozo huu ni wa kumtoa katika utulivu huo. Ni wa mtu wa Mwanjelwa, Uyole na Kyela, na wa mtu wa Kihesa, Ipogolo na Pawaga, anayetaka kiongozi wake amwogope kidogo, kwa amani na kwa mujibu wa sheria.

Mifano mingi itatoka nyumbani, na mingine itatoka Japani. Wajapani nao wameishi na chama kimoja kikubwa karibu muda wote tangu mwaka 1955. Wamekizoea, wamekichoka, wamekitoa, wamekirudisha. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini ana mengi ya kujifunza kwao, na machache ya kuwafundisha.

Hatua ya 1: Hesabu miaka, kisha hesabu vipigo

CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU ya mwaka 1954 ilipoungana na ASP ya mwaka 1957. Ukiunganisha umri wa mtoto na wa wazazi wake, Tanzania Bara haijawahi kuongozwa na wengine tangu Uhuru wa 1961. Chama cha LDP cha Japani nacho ni mtoto wa muungano: vyama viwili vya kihafidhina vilifunga ndoa Novemba 1955, Ichiro Hatoyama akiwa kiongozi wa kwanza.

Hadi hapo wanafanana. Tofauti iko kwenye vipigo. Mwaka 1993 wabunge wa LDP wenyewe waliiasi serikali ya Kiichi Miyazawa, wakajitoa, na uchaguzi ulipofanyika chama kikakosa wingi wa viti. Wapinzani wakajikusanya na kumpa uwaziri mkuu Morihiro Hosokawa. Mwaka 2009 kipigo kikawa cha wazi zaidi: chama cha DPJ kilichukua viti 308 kati ya 480, na Yukio Hatoyama, mjukuu wa yule Ichiro, akakiondoa madarakani chama ambacho babu yake alikuwa kiongozi wake wa kwanza.

Je, LDP ilikufa? Haikufa. Mara ya kwanza ilirudi serikalini kabla mwaka haujaisha, Juni 1994, tena kwa kushikana mkono na Wasoshalisti, mahasimu wake wa miongo karibu minne. Mara ya pili ilikaa nje miaka mitatu, ikarudi Desemba 2012 na Shinzo Abe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na chama kinachojua kwamba kinaweza kushindwa husikiliza kwa masikio mawili.

Mbeya na Iringa mnalijua hili kwa vitendo. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni Joseph Mbilinyi, Sugu, msanii wa hip hop, na Iringa Mjini ikampeleka Mchungaji Peter Msigwa, wote wa CHADEMA. Mwaka 2015 mkawarudisha. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yakatangazwa kuwa ya CCM: Tulia Ackson Mbeya, Jesca Msambatavangu Iringa. Dk. Tulia akawa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Tazama mfuatano huo vizuri. Jimbo lililopotea mara mbili lilipelekewa mgombea mzito, mtu aliyekuwa tayari Naibu Spika. Chama hakipeleki mtu wa namna hiyo mahali ambapo ushindi uko mfukoni.

Hiyo ndiyo shabaha ya hatua zote zinazofuata: kiti cha jimbo lako kisiwe na uhakika kwa yeyote.

Hatua ya 2: Kataa fulana

Kuna wakati ukarimu wa kampeni ulikuwa na jina la heshima na kinga ya sheria. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, na wagombea wakakirimu kweli: pilau, soda, khanga, kofia, nauli. Mashirika ya kutetea haki yalikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Sheria ikafa. Pilau halikufa.

Sasa sikia ya Japani. Oktoba 2014 Waziri wa Sheria, Midori Matsushima, alijiuzulu. Kosa? Aliwagawia watu wa jimbo lake vipepeo vya karatasi vyenye picha yake, vya kujipepea wakati wa joto. Sheria ya uchaguzi ya kwao inamzuia mwanasiasa kuwapa wapiga kura wake kitu chenye thamani, na wapinzani wakasimama bungeni kuhoji kama kipepeo ni kitu chenye thamani au ni kipeperushi tu. Hakudumu uwaziri hata miezi miwili.

Kwa kipimo hicho, fikiria fulana ngapi zimewahi kugawiwa katika viwanja vya Ruanda Nzovwe na Mwembetogwa.

Utekelezaji wake ni huu. Ukiletewa khanga, uliza mbele za watu: imelipiwa na nani, na atazirudishaje fedha zake? Ukiambiwa ni zawadi, shukuru, ikatae. Mama anayerudisha khanga ya kampeni hadharani amehutubia kuliko wote waliopanda jukwaani siku hiyo. Na kama njaa ni ya kweli, kwa maana njaa ipo, kula kwa jirani yako. Anayekulisha siku moja katika miaka mitano hajajali tumbo lako.

Hatua ya 3: Wahi kura za maoni

Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, uchaguzi mkubwa hufanyika wiki kadhaa kabla ya uchaguzi, ndani ya chama chenyewe. Japani kwa miongo mingi swali la nani atakuwa waziri mkuu lilijibiwa na uchaguzi wa kiongozi wa LDP. Ndani ya chama kulikuwa na makundi yenye wakubwa wake, mifuko yake na hesabu zake. Mifuko hiyo ndiyo iliyoleta aibu ya mwaka 2023, ilipobainika kwamba makundi yalikuwa yakificha sehemu ya mapato ya hafla za kuchangisha fedha. Oktoba 2024 wapiga kura wakakinyima chama wingi katika baraza la wawakilishi: viti 191 kati ya 465.

Kwetu makundi hayo tuliyaita mtandao. Mwaka 2005 Profesa Mark Mwandosya wa Rungwe alifika tatu bora ya CCM kwenye mbio za urais, akiwa na Salim Ahmed Salim na Jakaya Kikwete. Kilichoamua ni mtandao.

Iringa Mjini nayo ina somo lake. Mwaka 2010 aliyeongoza kura za maoni za CCM alienguliwa na vikao vya juu, akasimamishwa mwingine, na jimbo likaenda CHADEMA. Vikao vinaweza kuwa na sababu nzuri au mbaya, lakini wanachama wanapoona kura yao imewekwa kando bila maelezo ya kuwatosha, huitafutia mahali pengine pa kuhesabiwa.

Usisahau pia kwamba vyama hufukuza na hupokea. Machi 2017 CCM ilimfukuza uanachama Jesca Msambatavangu, aliyekuwa mwenyekiti wake wa mkoa wa Iringa. Alisamehewa, na mwaka 2020 akawa mgombea na mbunge wa chama kilekile. Junichiro Koizumi naye, mwaka 2005, aliwanyima tiketi wabunge wa LDP waliopinga kubinafsishwa kwa shirika la posta, akawapelekea wapinzani majimboni kwao, akashinda kwa viti 296. Mwaka uliofuata, yeye akiwa ameacha uwaziri mkuu, 11 kati ya walioasi wakapokelewa tena. Kwa hiyo ukisikia mtu amefukuzwa, usimzike. Na ukisikia amerudi, muulize amebadilisha msimamo gani.

Kama una kadi ya chama, chochote kile, kazi yako ni kuhudhuria kikao cha tawi. Anayekosa kikao cha tawi na kulalamikia mgombea ameamka mchana.

Hatua ya 4: Jina la baba lisikutoshe

Mei 2000 alifariki Keizo Obuchi, aliyekuwa waziri mkuu wa Japani hadi alipopatwa na kiharusi mwezi mmoja kabla. Mwezi uliofuata kiti chake cha mkoa wa Gunma kilichukuliwa na binti yake Yuko, mwenye umri wa miaka 26. Shinzo Abe alikuwa mjukuu wa Nobusuke Kishi, waziri mkuu wa 1957 hadi 1960. Taro Aso, waziri mkuu wa 2008, ni mjukuu wa Shigeru Yoshida, aliyeiongoza Japani ikijijenga upya baada ya vita.

Kwetu, Januari 2014 alifariki William Mgimwa, Waziri wa Fedha na mbunge wa Kalenga. Machi mwaka huohuo mwanawe Godfrey akashinda uchaguzi mdogo. Kalenga ndiko kwa ukoo wa Mkwawa pia, na mjukuu wa Mtwa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, akakikalia kiti hicho kwa miaka mingi.

Mtoto wa kiongozi ana haki ya kugombea kama mtoto wa mkulima. Adam Sapi aliheshimiwa kwa namna alivyoliongoza Bunge, na heshima hiyo aliitafuta mwenyewe. Basi mgombea akikuambia yeye ni mwana wa fulani, mpe pole au pongezi inayostahili, kisha uliza maswali yaleyale ambayo ungemwuliza mgeni: umefanya nini, wapi, na nani atashuhudia? Marehemu tunamuenzi kwa dua na matanga. Kiti cha ubunge hakimo katika mirathi.

Hatua ya 5: Shukuru barabara, usimwabudu aliyeizindua

Hapana mwanasiasa wa Japani aliyejua siri ya barabara kama Kakuei Tanaka, waziri mkuu wa 1972 hadi 1974. Alitoka Niigata, mkoa wa theluji nyingi, akausombea mahandaki, madaraja na hatimaye treni ya mwendo kasi iliyoanza kazi mwaka 1982. Alikamatwa mwaka 1976 kwa rushwa ya kampuni ya ndege ya Lockheed, na Oktoba 1983 mahakama ikamtia hatiani. Miezi miwili baadaye Niigata wakampa kura zaidi ya 220,000. Kwao, handaki lilikuwa limeshinda hukumu.

Hapa kwetu tunayo barabara ya lami ya Iringa hadi Dodoma, kilomita 260 kupitia Mtera. Imejengwa kwa mikopo, ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya JICA, shirika la maendeleo la Japani. JICA imo pia katika njia kuu ya umeme ya kutoka Iringa kwenda Shinyanga. Mkopo hulipwa, na mlipaji ni wewe unayenunua sukari, sabuni na muda wa maongezi. Kwa hiyo mtu akipanda jukwaani kusema "nimewaletea barabara", mkumbushe kwa adabu kwamba barabara umeinunua wewe, yeye amekata utepe.

Ibara ya 63 ya Katiba inasema kazi ya Bunge ni kuisimamia na kuishauri Serikali. Basi mpime mbunge kwa usimamizi. Nyanda za Juu mna mfano wenu: Dk. Harrison Mwakyembe, akiwa mbunge wa Kyela na mwanachama wa chama tawala, aliongoza kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Februari 2008 ripoti iliposomwa, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Siku ile mbunge wa Kyela alilitumikia jimbo lake bila kukata utepe wowote.

Kisha uliza habari za Mfuko wa Jimbo. Upo kwa sheria ya mwaka 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Omba hesabu: zilikuja ngapi, zimeezeka shule gani, mabati mangapi.

Hatua ya 6: Mkulima, jua bei ya kura yako

LDP ilijengwa juu ya mchele. Serikali ilinunua mpunga kwa bei nzuri, vyama vya ushirika vikaleta kura, na mipaka ya majimbo ikaipa kura ya kijijini uzito kuliko ya mjini. Uchaguzi wa 1972 ulikuwa na tofauti ya karibu mara tano, hata Mahakama ya Juu ikasema mwaka 1976 kwamba ugawaji ule ulivunja katiba. Mkulima wa Japani alijua anachouza na alijua bei yake.

Mei 2025 bei ya mchele huko ikiwa imepanda vibaya, Waziri wa Kilimo, Taku Eto, alisema hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humpelekea wa kutosha. Siku chache tu baadaye, akawa si waziri tena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wanywaji wa ulanzi Iringa wanajua dawa yake: wanahamia kwa mgema mwingine.

Sasa tujiangalie. Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa zimelisha nchi hii mahindi tangu enzi za Mwalimu. Ni Iringa, mwaka 1972, ambako TANU ilitangaza "Siasa ni Kilimo". Lakini mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei ikaporomoka. Na hadi leo kuna mkulima wa viazi anayefungiwa lumbesa shambani, gunia lenye kilemba, huku sheria ya vipimo ikilikataza.

Mahitaji ya mkulima msumbufu yanatosha nusu ukurasa: mbolea ya ruzuku ifike kabla ya mvua, mipaka isifungwe wakati wa mavuno, lumbesa ikomeshwe, na mizani iwepo kila kituo cha kununulia. Andikeni karatasi hiyo kwenye chama chenu cha ushirika, mpeni kila mgombea nakala moja, wa kila chama, na mmwombe asaini mbele ya mkutano. Asiyesaini amejibu.

Hatua ya 7: Msumbue na mpinzani

Mpinzani anapenda kupendwa bila maswali, sawasawa na mtawala. Sugu alifungwa Februari 2018 kwa kumkashifu Rais, akatoka Mei mwaka huo. Mateso ya mtu yanastahili heshima, na maswali hayaondoi heshima hiyo. Mei 2024 alimshinda Msigwa kwa kura 54 dhidi ya 52 katika uchaguzi wa uongozi wa Kanda ya Nyasa ya CHADEMA. Mwezi uliofuata Msigwa akahamia CCM, chama alichokisema vibaya kwa miaka yote ya ubunge wake.

Kuhama ni haki yake ya kikatiba. Kudai maelezo ni haki ya waliompigia kura Iringa mara mbili. Japani wamemwona Ichiro Ozawa akivunja LDP mwaka 1993, kisha akianzisha na kuacha chama baada ya chama, na kila wapinzani walipogawanyika, LDP ilirudi kupitia ufa huohuo. Muulize mpinzani wako maswali matatu: ofisi ya chama chako hapa iko wapi mwaka ambao hakuna uchaguzi? Nani anaweka hesabu zake? Na ukishindwa ndani ya chama chako, utafanya nini siku inayofuata?

Hatua ya 8: Idai kura yenyewe

Hatua saba zilizotangulia zina sharti moja: kura iwe na chaguo, na ihesabiwe. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Tarehe 29, siku ya kupiga kura, maandamano na ghasia vilizuka katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, watu wakafa. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98.

Kwa familia zilizozika, pole haitoshi, na hakuna chama kinachostahili mtoto wa mtu. Takwimu ya asilimia 98 haimsaidii hata aliyeipata. LDP katika miaka yake minono kabisa haikuwahi kuzikaribia namba za aina hiyo, na bado ilitawala, ikajenga viwanda, ikashindwa, ikarudi. Serikali inayojua kwamba robo au nusu ya wananchi hawaitaki ina kazi ya kufanya kila asubuhi. Inayoambiwa kwamba inapendwa na wote haina wa kumsikiliza.

Kwa hiyo usumbufu mkubwa kuliko wote ni kudai mambo ya kawaida bila kuchoka. Katiba mpya, ambayo Bunge Maalumu lilipitisha pendekezo lake mwaka 2014, likaishia kabatini. Tume ya uchaguzi inayoaminiwa na aliyeshindwa. Wakala wa kila chama ndani ya kituo, na nakala ya fomu ya matokeo mkononi mwake. Mikutano ya hadhara isiyohitaji ujasiri.

Ratiba ya msumbufu

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Anza hapo. Nenda na daftari, andika namba zilizosomwa, na mkutano unaofuata zilinganishe na mpya. Kama mkutano hauitishwi, mwandikieni mtendaji barua, mkiwa wengi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, hivyo mwingine ni mwaka 2029, na uchaguzi mkuu 2030. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura na halina makosa. Tafuta vijana wawili katika mtaa wako wanaoweza kugombea uenyekiti, wa chama chochote, na uanze kuwauliza maswali tangu mwaka huu. Wakizoea kuulizwa wakiwa wadogo, hawatashtuka wakiwa wakubwa.